Punguzo la Maveterani Marekani: Sheria ya Jimbo Inataka Karatasi Gani

Kiswahili chetu kinamponza mtu kabla hajafika dirishani. Sisi tukisema "mwanajeshi mstaafu" tunamaanisha yeyote aliyewahi kuvaa gwanda akalivua, awe alikaa jeshini miaka 4 au 24. Mbele ya sheria za Marekani hao ni watu wawili. Mstaafu ni aliyemaliza miaka 20 au zaidi, au aliyestaafishwa kwa sababu ya afya, na analipwa pensheni ya jeshi kila mwezi. Aliyetumikia mkataba mmoja akarudi uraiani ni veterani, basi. Ukijitambulisha kaunta kuwa mstaafu utadaiwa kitambulisho cha wastaafu, na kwa kuwa huna, utarudishwa nyumbani na haki yako mkononi. Ndiyo maana hapa nitaandika "veterani" mwanzo hadi mwisho, hata kama kwetu neno hilo linakumbusha wazee wanaocheza mpira Jumapili asubuhi.

Tofauti hiyo ina fedha ndani yake. Chukua maduka ya vyakula yaliyo ndani ya kambi, yale yanayoitwa commissary. Mstaafu huingia siku zote. Veterani wa miaka 4 asiye na ulemavu haingii. Sheria ya shirikisho ya 2018 iliufungua mlango kuanzia Januari 1, 2020, lakini kwa wenye ulemavu uliotokana na utumishi, wenye nishani ya Purple Heart (ya waliojeruhiwa vitani), waliowahi kuwa wafungwa wa vita, na walezi wanaotambuliwa. Wengine waliachiwa duka la mtandaoni la jeshi, ambalo lilifunguliwa kwa maveterani wote walioondoka kwa heshima kuanzia Novemba 11, 2017.

Hayo ni ya Washington. Mapunguzo mengi, na yale manono zaidi, yako kwenye sheria za majimbo, na yako 50, kila moja na kamusi yake.

Wasemaji wa Kiswahili tumo ndani ya suala hili kuliko inavyodhaniwa. Kati ya mwisho wa 2008 na 2016 jeshi la Marekani lilikuwa na mpango wa MAVNI, ulioandikisha wageni wenye viza, hata bila green card, mradi wawe na taaluma ya afya au lugha iliyohitajika. Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha hizo. Wengine wengi waliingia kwa green card zao za kawaida. Mikataba ya watu hao ilishakwisha. Leo wanauguza wagonjwa, wanaendesha malori, wanasoma usiku, na wanalipa bei kamili kwa vitu ambavyo jimbo lilishapitisha sheria wapunguziwe.

Sheria hizi ni za aina mbili, na ukizichanganya utapoteza muda. Aina ya kwanza ni ile ambayo jimbo linaacha fedha yake lenyewe: kiingilio cha hifadhi za jimbo, leseni za uvuvi na uwindaji, ada za chuo cha umma, kodi ya nyumba. Hapo ukitimiza masharti unapewa, na ukinyimwa una pa kukata rufaa. Aina ya pili ni ile inayoanzisha "mpango wa punguzo" kwa maduka binafsi. Kwa kawaida sheria ya namna hiyo haimlazimishi mwenye duka kitu chochote. Inaipa ofisi fulani kazi ya kutoa kadi, au kutunza orodha ya biashara zilizojitolea, au kubandika nembo mlangoni. Mwenye duka anaamua mwenyewe apunguze asilimia ngapi, siku zipi, bidhaa zipi, na akichoka anajitoa.

Wabunge wanaipenda aina ya pili kwa sababu haigusi bajeti. Muswada unaopunguza kodi lazima uambatane na makisio ya mapato yatakayopotea, na hapo ndipo miswada mingi hufia. Muswada unaosema "idara itatunza orodha kwenye tovuti yake" haumuumizi mtu. Sina ugomvi na orodha, ila ningeweka juhudi zangu kwenye aina ya kwanza kabla ya kuhangaikia asilimia 10 ya kikombe cha kahawa.

Unaposoma sheria yenyewe (na isome, tovuti za mabunge ya majimbo ni za bure) tafuta kwanza kitenzi. Mahali palipoandikwa "shall" ni amri, ofisi haina hiari. Mahali palipoandikwa "may" ni ruhusa tu, na kaunti yako inaweza ikawa haijaitumia kabisa. Kisha tafuta kifungu cha tafsiri ya maneno, kwa kawaida kiko mwanzoni, uone "veterani" ni nani humo. Utakuta moja kati ya haya: aliyeondoka kwa heshima tu, aliyeondoka kwa hali yoyote isiyo ya fedheha, aliyetumikia wakati wa vita, aliyetumikia siku kadhaa mbali na mafunzo, mwenye ulemavu wa asilimia fulani. Mtu yule yule anaweza kuwa veterani jimbo hili na asiwe kitu jimbo la jirani.

Karatasi moja inayoamua

Karatasi hiyo ni DD-214, cheti cha kuondoka kwenye utumishi kamili. Wengi wanayo, na wengi wanayo nakala isiyofaa. Fomu hii hutolewa kwa nakala kadhaa, na mbili ndizo zinazomhusu mwenyewe: iliyoandikwa Member-1 chini kulia, na iliyoandikwa Member-4. Ukiziweka pamoja mezani utaona zinafanana mpaka karibu na mwisho. Member-1 inakatika pale. Member-4 inaendelea na sehemu ya mwisho kabisa, visanduku vya 23 hadi 30, na humo ndimo mna kila anachotafuta karani: namna ya kuondoka (23), sifa ya utumishi (24), na sababu kwa maneno (28). Ukimpelekea Member-1 atakwambia haioneshi kama uliondoka kwa heshima, na atakuwa sahihi.

Kisanduku cha 24 kina maneno machache tu yanayoweza kuandikwa. "Honorable" hufungua karibu kila mlango. "General, Under Honorable Conditions" hufungua mingi, lakini baadhi ya majimbo yanataka lile la kwanza tu. "Other Than Honorable" hufunga mingi. Halafu kuna "Uncharacterized", ambalo liliwapata baadhi ya watu wa MAVNI walioachishwa mapema, kabla mafunzo hayajaisha, wakati ukaguzi wa usalama ulipokwama. Neno hilo si la heshima wala si la fedheha. Ni kama mtihani uliofutwa: hakufaulu, hakufeli. Sheria ya jimbo iliyoandikwa "asiyeondoka kwa fedheha" inaweza kukupokea. Iliyoandikwa "aliyeondoka kwa heshima" haitakupokea. Anayeona sifa yake ni ya kuonewa anaomba ibadilishwe kwa fomu DD-293 ndani ya miaka 15 tangu aondoke, na baada ya hapo DD-149.

Angalia pia visanduku vya juu ambavyo watu huvipita. Namba 7b inasema makazi yako yalikuwa wapi siku unaingia jeshini. Namba 12c inasema umetumikia muda gani kwa jumla katika kipindi hicho. Usivipuuze, tutavirudia tukifika Texas.

Kama huna Member-4, iombe National Archives, hifadhi ya kumbukumbu ya taifa, kupitia mtandao au kwa fomu SF-180. Veterani mwenyewe halipii. Aliyeondoka miaka ya karibuni anaweza kuipakua kwenye milConnect, tovuti ya Wizara ya Ulinzi. Kwa wazee kuna balaa la moto: Julai 12, 1973 jengo la kumbukumbu za jeshi karibu na St. Louis liliungua, na takriban asilimia 80 ya mafaili ya waliotoka jeshi la nchi kavu kati ya Novemba 1912 na Januari 1960 yakateketea. Aliyepotelewa na faili huko hupewa cheti cha mbadala, NA Form 13038, na ofisi za majimbo zinapaswa kukijua. Wakikikataa omba msimamizi, usiondoke.

Ukishaipata, iandikishe kwa msajili wa hati wa kaunti yako. Sehemu nyingi ni bure kwa veterani, na nyumba ikiungua utapata nakala yenye muhuri siku hiyo hiyo. Lakini uliza kwanza swali moja: hapa hati hizi zinasomwa na umma? Zamani kaunti nyingi ziliziweka wazi kama hati za ardhi, na DD-214 ina namba ya Social Security na tarehe ya kuzaliwa. Wezi wa utambulisho walizichuma humo kama maembe ya barabarani. Texas sasa inazifungia kwa miaka 75 tangu kuandikishwa. Kwako ikoje, muulize karani kabla hujampa karatasi.

Tatizo jingine ni la kwetu hasa: majina. Mtu aliingia jeshini kwa majina matatu kama yalivyo kwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania, la baba katikati na la babu mwisho. Wakati wa kuapishwa uraia akabadilisha, au akaolewa. Sasa leseni ya udereva ina mpangilio mmoja, DD-214 mwingine, na mfumo wa Idara ya Maveterani, VA, una wa tatu. Mashine ya uhakiki haina subira na mambo haya, inakataa tu. DD-215 husahihisha makosa yaliyokuwamo kwenye DD-214, haibadilishi jina ulilolichukua baadaye. Dawa ni kubeba cheti cha uraia au amri ya mahakama yenye majina yote mawili, na kwenda ofisini ana kwa ana badala ya kupambana na tovuti.

Baada ya hapo pata neno "Veteran" kwenye leseni yako ya udereva. Ni kadi utakayoionesha mara nyingi kuliko zote, na inakuepusha kuanika DD-214 mbele ya keshia. California ni mfano mzuri wa namna linavyofanyika: huendi moja kwa moja kwa watu wa leseni. Unaanza kwa afisa wa huduma za maveterani wa kaunti, anakagua DD-214 yako, anakupa fomu ya uthibitisho iitwayo VSD-001, ndipo unaipeleka DMV na dola 5 za ziada. Wanaoruka hatua ya kwanza hupanga foleni mara mbili. Na tazama mwendo wa sheria yenyewe: ilitiwa saini 2014, leseni zikaanza kutolewa Novemba 2015. Mara nyingi gazeti linaposema "gavana amesaini" dirisha bado limefungwa. Serikali ya shirikisho haikuwa na mwendo bora: sheria ya kitambulisho cha maveterani ilisainiwa Julai 2015, maombi yakafunguliwa mwisho wa Novemba 2017, na yakasimamishwa muda mfupi baadaye kwa wingi wa waombaji.

Asilimia haijumlishwi kama unavyojumlisha nyanya

Mapunguzo makubwa yamefungwa kwenye asilimia ya ulemavu unaotokana na utumishi, ambayo hupangwa na VA, si jimbo. Hapa ndipo watu hujikuta wamekosa kwa pointi chache, wakadhani wameibiwa.

VA haijumlishi. Inahesabu kilichobaki cha mwili mzima. Tuseme una goti lenye asilimia 40 na masikio yenye 20. Kichwani unasema 60. VA inaanza na 100, inatoa 40, inabaki 60. Asilimia 20 ya hiyo 60 ni 12. Jumla ni 52, inayosogezwa kwenye kumi iliyo karibu: 50. Mwenye 50 na 30 anapata 65, na tano husogezwa juu, basi anaandikiwa 70. Kadiri unavyopanda, ndivyo mlima unavyosimama. Mwenye 90 kamili akiongezewa 40 anafika 94, anabaki 90. Anahitaji nyongeza ya 50 ili afike 95 na kusogezwa hadi 100.

Sasa mlete yule wa goti na masikio, mwenye 50. California ana haki ya kuomba kadi ya hifadhi za jimbo iitwayo Distinguished Veteran Pass, ambayo inataka mkazi wa jimbo, veterani wa wakati wa vita aliyeondoka kwa heshima, mwenye 50 au zaidi. Humpa kiingilio na sehemu ya kambi bila malipo. Akihamia Texas, kadi ya hifadhi ya huko kwa maveterani wenye ulemavu inataka 60, au awe amepoteza matumizi ya mguu. Hana. Lakini Texas hiyo hiyo inatoa bure leseni ya pamoja ya uwindaji na uvuvi, Super Combo, kwa wakazi wenye 50. Anayo. Hakuna mantiki ya kitabibu ndani ya namba hizo. Kila moja ilitoka kwenye muswada wake, mwaka wake, na maridhiano yake.

Ushahidi wa asilimia ni barua ya muhtasari wa mafao, unayoipakua bure kwenye VA.gov. Kabla haijatengenezwa tovuti inakuuliza unataka barua ioneshe nini, kwa visanduku vya kutia alama. Tia vyote vinavyohusu ulemavu. Kosa la kawaida ni kupeleka barua inayothibitisha kwamba ulitumikia lakini haitaji asilimia, au inayotaja asilimia 100 bila kusema kama ni ya kudumu. Ofisi ya kodi inayotaka ulemavu "kamili na wa kudumu" haiwezi kubuni neno ambalo barua haina.

Na usimlipe mtu akuandalie dai la mara ya kwanza VA. Sheria ya shirikisho hairuhusu kutoza ada kwa kazi hiyo, na wawakilishi walioidhinishwa wa vyama vya maveterani kama American Legion, VFW na DAV, au wa kaunti yako, huifanya bure.

Majimbo machache kwa karibu

Sheria rahisi kuliko zote ninazozijua iko Vermont. Inaitwa Green Mountain Passport. Mkazi wa Vermont mwenye miaka 62 au zaidi, au veterani wa umri wowote aliyeondoka kwa heshima, anakwenda kwa karani wa mji wake, analipa dola 2, anapewa kadi ya maisha. Kadi inamwingiza bure kwenye hifadhi za jimbo kwa matembezi ya mchana. Haina asilimia wala kipindi cha vita. Mbunge anayetaka kuandika sheria ya punguzo itakayotumika kweli angeanza kwa kuinakili hii.

Florida imeweka ngazi. Kifungu cha 258.0145 kinampa veterani aliyeondoka kwa heshima asilimia 25 ya punguzo kwenye kadi ya mwaka ya hifadhi za jimbo, na aliye na ulemavu wa utumishi kadi ya maisha bure. Kwenye kodi ya nyumba, mwenye asilimia 10 au zaidi anapunguziwa dola 5,000 kwenye thamani inayotozwa. Aliye na ulemavu kamili na wa kudumu hutolewa kwenye kodi ya thamani ya nyumba anayoishi. Hali inayotazamwa ni ya Januari 1, na maombi yanapaswa kufika kwa mthamini wa kaunti ifikapo Machi 1.

Nimesema "thamani inayotozwa", na hapo pana mtego wa kiwango cha kitaifa. Watu husikia "msamaha wa dola 12,000" wakadhani ni dola 12,000 zitabaki mfukoni. Texas ndiko kwa kufanyia hesabu. Kifungu cha 11.22 cha sheria ya kodi kina ngazi nne: ulemavu wa 10 hadi 29 hupunguza thamani kwa dola 5,000, 30 hadi 49, dola 7,500, 50 hadi 69, dola 10,000, 70 na kuendelea, dola 12,000. Chukua nyumba ya dola 300,000 mahali ambapo viwango vyote vya kodi, kaunti na shule na mji, vikijumlishwa ni asilimia 2. Tukiweka pembeni misamaha mingine, kodi ni dola 6,000. Mwenye 90 anatolewa dola 12,000 kwenye thamani, na asilimia 2 yake ni dola 240. Analipa 5,760. Jirani yake mwenye 100 yuko chini ya kifungu kingine, cha 11.131, kilichoanza 2009. Analipa sifuri. Kati ya 90 na 100 kuna korongo la dola 5,760 kila mwaka, na ndiyo maana mwenye 90 asiyeweza kushika kazi kwa sababu ya ulemavu wake aulize habari ya hali iitwayo individual unemployability. Huombwa VA kwa fomu 21-8940, na Texas inamhesabu aliyepewa hali hiyo sawa na mwenye 100.

Maombi ya Texas hayaendi kwa anayekusanya kodi. Yanaenda ofisi ya uthamini ya kaunti. Msamaha kamili ni kwa fomu 50-114, ile ile ya makazi. Ule wa ngazi ni kwa fomu 50-135, na huu unaweza kuuweka kwenye mali moja yoyote unayoimiliki, si lazima unayolala. Mwisho ni Aprili 30. Uliyechelewa usikate tamaa: maveterani wenye ulemavu wana hadi miaka 5 tangu tarehe ambayo kodi ile ilihesabiwa kuchelewa, kwa hiyo aliyepata barua yake ya VA yenye tarehe ya nyuma anaweza kudai miaka iliyopita arudishiwe. Barua za VA hutoka zimechelewa mara nyingi. Hili peke yake linaweza kuwa na thamani kuliko kadi zote za punguzo ulizonazo kwenye pochi.

Kisha kuna Hazlewood, na sasa rudi kwenye visanduku 7b na 12c. Sheria hii ya Texas inamwondolea veterani ada ya masomo kwenye vyuo vya umma vya jimbo kwa hadi saa 150 za masomo zinazohesabiwa na chuo (credit hours), na saa asizozitumia anaweza kumwachia mtoto. Masharti: aliondoka "Honorable" au "General", alitumikia angalau siku 181 za utumishi kamili bila kuhesabu mafunzo, anaishi Texas, na alipoingia jeshini alikuwa mkazi wa Texas, au aliingilia Texas, au Texas ndiyo makazi yaliyoandikwa. Sharti la mwisho ndilo linalowaangusha watu wetu. Mtu alijiandikisha akiwa Minnesota au Maryland, akatoka, akafuata kazi Houston, akanunua nyumba, akakaa miaka 10. Kisanduku 7b bado kinasema Minnesota, na hakitabadilika. Jambo hili lilifika mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tano ikaliachia jimbo sharti lake. Askari wa akiba mwenye DD-214 ya mafunzo peke yake naye anakwama kwenye siku 181.

New York wana mchezo mwingine kabisa: kipindi na mahali. Msamaha wa kifungu 458-a unampa aliyetumikia wakati wa vita asilimia 15 ya thamani ya nyumba, 10 nyingine kama alikuwa eneo la mapigano, na tena nusu ya asilimia yake ya ulemavu. Kila serikali ya mtaa huweka kikomo chake cha dola, na wilaya za shule ziliruhusiwa kujiunga tangu Desemba 2013 lakini hazikulazimishwa. "Wakati wa vita" kunatisha wengi bure. Kipindi cha Ghuba ya Uajemi kilianza Agosti 2, 1990 na kisheria hakijafungwa, kwa hiyo aliyekaa miaka yake yote kambini Kansas akipika ugali wa Jumapili na wenzake anahesabiwa. Asilimia 10 ya mapigano ndiyo inayotaka nishani au amri ya kupelekwa, na hizo zinasomwa kisanduku cha 13 na 18 cha DD-214. Fomu RP-458-a hupelekwa kwa mthamini, na katika miji mingi midogo mwisho ni Machi 1.

Kadi ya kaunti na duka la mtaani

Ohio msajili wa hati wa kaunti hutoa kadi ya veterani ukishaandikisha DD-214. New York kaunti kadhaa zina mpango uitwao Return the F.A.V.O.R., na kadi hutolewa na karani wa kaunti pamoja na orodha ya biashara. Kadi hizi zinafaa kwa aliyekosa neno kwenye leseni, na orodha ni nzuri ikiwa mpya. Tatizo ni uhai wake. Sheria inaianzisha orodha, haimpi mtu bajeti ya kuipigia simu kila mwaka. Mgahawa unauzwa, meneja anabadilika, kijana wa kaunta hajawahi kusikia. Piga simu kabla ya kwenda, uliza asilimia, siku, na kama inajumlishwa na ofa nyingine. Kwa kawaida haijumlishwi.

Minyororo mikubwa ya maduka ina mipango yake isiyotokana na sheria yoyote. Home Depot hutoa asilimia 10 kwa bidhaa zinazoingia kwenye mpango hadi akiba ya dola 400 kwa mwaka, maana yake ukishanunua vya dola 4,000 umemaliza. Anayejenga jiko zima apange manunuzi yavuke Desemba. Uhakiki hufanywa na kampuni kama ID.me na SheerID. Wakikutaka upakie DD-214, funika namba ya Social Security kwanza, kisha jaribu njia nyingine wanazoruhusu kabla ya hiyo.

Ukihama jimbo, kadi ya zamani haina kazi na msamaha wa nyumba unaisha. Mjulishe mthamini wa ulikotoka, maana ukiendelea kuupata huku umeshahamia unadaiwa kodi ya nyuma pamoja na adhabu.

Mjane ndiye anayesahaulika. Kwa msamaha kamili wa Texas, mke au mume wa veterani aliyefariki anaendelea nao kwenye nyumba ile ile mradi asiolewe au asioe tena. Aombe kwa jina lake mwenyewe. Apeleke cheti cha ndoa, cheti cha kifo, na ile barua ya VA ya marehemu iliyotaja asilimia 100. Barua hiyo veterani huipakua mwenyewe kwa dakika mbili akiwa hai. Akishafariki familia huiomba VA kwa maandishi na kungoja. Ichapishe leo, iweke kwenye bahasha moja na Member-4, na umwambie mwenzio bahasha iko wapi.